Mtaa Usiokuwa na Kufuli

Mume wangu ni fundi friji, na kama kuna mtu duniani anayejua kumchosha mwenzake bila kumgusa, ni yeye. Watu wanamwita Baridi. Wanadhani ni kwa sababu ya kazi yake. Mimi niliyeolewa naye najua ni kwa sababu hakuna jambo analolishika likiwa bado la moto. Hata chai anaingoja ipoe kwanza, halafu analalamika kuwa imepoa.

Jambo lenyewe lilikuwa nyumba. Tulikuwa tumepanga ghorofa ya tano, jengo halina lifti, vyumba viwili na jiko ambalo mkiingia wawili lazima mmoja arudi nyuma ndipo mwingine ageuke. Mimi nafua na kupiga pasi mashuka ya hospitali. Kutwa nzima nimesimama, na jioni nazipanda ngazi zile magoti yakinisema. Lakini magoti yangu hayakuwa hoja. Hoja ilikuwa mama yangu. Tangu nyonga imharibikie hawezi ngazi tena, kwa hiyo alikuwa anakaa kwa kaka yangu, na kila simu swali lilikuwa lile lile: "Bado hamjapata?" Hakunung'unika hata siku moja, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Akiba tulikuwa nayo. Kilichobaki ni mume wangu kuukubali mtaa.

Hapo sasa ndipo nilipokiona cha moto.

Baridi ana elimu yake mwenyewe. Amefungua friji za karibu kila kona ya mji, na anasema friji haidanganyi. Sebuleni mtu atakuonyesha makochi, lakini friji itakuonyesha anavyoishi. Nikimletea habari za nyumba inayouzwa, anaweka kijiko chini, anafumba jicho moja, anatoa hukumu. Mtaa wa karibu na kituo cha mabasi: "Pale friji zina kufuli. Mtu na mke wake, na friji ina kufuli. Utakaa na watu hao?" Mtaa wa kule juu: "Friji kubwa kama kabati, ndani chupa za maji tupu. Watu wa kujionyesha." Mtaa wa nyuma ya shule: "Nimetengeneza friji nyingi pale, na hakuna aliyeniita mara ya pili. Wale si waaminifu."

"Labda zilipona," nikasema.

Aliniangalia kama niliyemtukania kabila.

Friji zikimwishia, anahamia kwenye methali. "Lisemwalo lipo," ndiyo aliyoipenda. Mtaa wowote aliosikia unasemwa vibaya, hata na mtu aliyepita pale amesinzia kwenye basi, kwake ulikuwa umeshafutwa. Nikimwambia mchagua jembe si mkulima, ananijibu kwamba jembe bovu unalirudisha dukani, nyumba unairudisha wapi? Na jibu hilo lilikuwa na akili, ndiyo maana lilinichefua.

Basi siku moja akarudi kazini uso umekunjuka. Alikuwa ameitwa kwenye mtaa mmoja mdogo, njia moja tu, nyumba za chini huku na huku na duka kwenye kona. Mwenye friji, mwalimu wa chekechea, hakuwepo. Alimwelekeza kwa simu: mlango wa nyuma uko wazi, ingia, hela yako iko juu ya friji, na usishangae vyakula ni vingi, ni vya majirani.

"Nyumba tatu zinaweka vyakula humo," mume wangu akaniambia, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetoka kuona muujiza. "Hakuna kufuli. Bakuli halina jina. Mtoto kaingia, kanisalimia, kachukua bakuli lao, kaondoka zake. Na nyumba inayotazamana na hiyo inauzwa. Mlangoni ina ngazi moja tu."

"Tununue," nikasema papo hapo.

"Ngoja nikague kidogo kwanza."

Hilo "kidogo" lake nalijua, limenizeesha. Akapanga kwamba mimi niende na dalali kuiona nyumba, yeye atauona mtaa, tena kimyakimya, kwa sababu mnunuzi akishajulikana watu wanamvalia sura za wageni. Nikaenda. Mwenye nyumba alikuwa mkunga mstaafu, bibi mfupi mwenye mikono mikubwa, anahamia kwa binti yake. Vyumba vitatu, sakafu kavu, jiko lina dirisha la uani, choo hakina kizingiti. Chumba kimoja kilipata jua la asubuhi. Nikasimama humo nikaona kabisa kitanda cha mama kitakaa ukuta gani. Nikamwambia mkunga habari za mama na nyonga yake, kwamba nyumba tunaitaka, anipe muda nimlainishe mume wangu. Akaniambia, "Mwanangu, wanaume wote huchelewa. Wakizaliwa pia ni hivyo hivyo."

Huku nyuma Baridi akawa anakagua. Anavaa kofia yake ya kijivu, anabeba begi jeusi la vifaa ili aonekane mpita njia, anaondoka. Akirudi ananihadithia maswali aliyouliza, na mimi nasikiliza kwa sikio moja huku nageuza mboga. Dukani ameuliza kama mchana nyumbani hubaki watu. Amemuuliza kijana mmoja aliyekuwa anaosha pikipiki kama mbwa wa mtaa ule wanauma au wanabweka tu. Wanawake waliokuwa wanaanika nguo amewauliza watu huwa wanalala saa ngapi, na milango ya nyuma hufungwa au huachwa. Mara ya kwanza alirudi anatabasamu. Mara ya pili akasema wamekuwa wakavu kidogo. Mara ya tatu aliingia ndani hata viatu hakuvua.

"Nilikwambia," akasema.

"Uliniambia nini?"

"Wameweka geti. Pale mwanzo wa njia, geti la chuma, na mlinzi ana filimbi. Madirisha yanatiwa nondo. Mlango wa nyuma wa yule mwalimu una kufuli kubwa kama ngumi. Nimeingia dukani kuulizia, naambiwa kufuli zimeisha, mzigo mwingine unakuja kesho." Akakaa, akavua kofia. "Mtaa ule una wizi, mke wangu. Lisemwalo lipo."

"Nani amesema?"

"Geti limesema."

Nilikuwa na mwiko mkononi, na namshukuru Mungu niliuweka chini. Simu ikaita. Mama. "Bado hamjapata?" Nikamwambia tumekaribia, nikamdanganya mama yangu mzazi huku namtazama mume wangu akipuliza chai iliyokwisha kupoa. Nikasema moyoni, huyu sasa basi. Siku yangu ya mapumziko nikajifunga nikaenda mwenyewe bila kumuaga.

Geti lilikuwepo kweli. Mlinzi akaniuliza nakwenda kwa nani, akanipisha. Nikaanzia dukani. Mwenye duka, mwanamke mnene mwenye sauti ya kukwaruza, alikuwa anapima sukari.

"Dada, nilipokuja siku ile hapakuwa na geti. Kuna nini?"

"Mwizi," akasema, hakuinua hata macho kwenye mzani.

"Ameiba kwa nani?"

"Hajaiba bado. Anatusoma. Mwanaume mrefu, anakuja na begi, anauliza nani anabaki nyumbani mchana, mbwa wanauma, tunalala saa ngapi. Milango ya nyuma tunafunga? Sasa mtu mwema atataka kujua hayo ya nini? Miaka yote hatujui kufuli, leo mimi mwenyewe naziuza mpaka zinaniishia. Watu wameanza kuangaliana vibaya. Mwalimu amefunga mlango, chakula cha jirani kimelala humo ndani kimeharibika, na sasa hawasemeshani."

"Begi lenyewe likoje?" nikauliza.

"Jeusi. Mkono wake umeshonewa kitambaa cha maua, maua mekundu."

Kitambaa kile kilikuwa gauni langu. Nililikata mwenyewe na kuushona mkono wa begi kwa mkono wangu, ili vidole vya mume wangu visichubuke. Nilitaka kucheka, nilitaka kulia, na zaidi ya yote nilitaka kumpata Baridi pale pale nimuulize alizaliwa na nani. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Kumbe aliyelileta nalala naye kitanda kimoja.

Nikavuka kwenda kwa mkunga. Alinikaribisha, lakini hakunipa kiti upande wa dirisha kama mara ya kwanza.

"Nyumba siuzi tena, mwanangu," akasema. "Hasira sina na wewe. Lakini nimewazalisha wengi wa mtaa huu, siwezi kuanza leo kumuuzia mtu mbuzi kwenye gunia. Tumeingiliwa na mwizi. Nikuuzie, umlete mama yako na nyonga yake, halafu wakuvunjieni siku ya kwanza? Huko kwa binti yangu nitapata usingizi?"

Jamani. Mume wangu ananikatalia nyumba kwa sababu ya mwizi, na mwenye nyumba ananikatalia kwa sababu ya mwizi huyo huyo. Ningenyamaza, chumba cha jua la asubuhi kingekwenda. Ningesema, ningekuwa mke wa mwizi.

"Bibi," nikasema, "mwizi wenu namjua."

"Unamjua wapi?"

"Nampikia."

Nikamweleza yote, friji, kufuli, methali, hata chai. Hakucheka. Alisema tu, "Mlete Jumamosi."

Jumamosi nikamwambia Baridi tunakwenda kuangalia nyumba mara ya mwisho, na hapo sikumdanganya. Akachukua begi lake. Mlinzi kuliona tu, akapuliza filimbi, na milango ikafunguka njia nzima. Mume wangu akanishika mkono. "Unaona?" akaninong'oneza. "Mwizi yuko karibu."

Nikamwambia yuko karibu sana.

Sebuleni kwa mkunga tulikuta mwenye duka na mwalimu wa chekechea wamekaa mbali mbali. Mlinzi akasimama mlangoni. Mkunga akamweleza mume wangu, taratibu, bila kumkejeli, kwamba mtu wa begi anayetafutwa ni yeye. Sijawahi kuona uso wa mwanaume ukibadilika rangi mara nyingi namna ile. Akajitetea: yeye ni mnunuzi, alikuwa anakagua mtaa.

"Kukagua si kosa," mkunga akasema. "Na sisi tukukague. Unalala saa ngapi?"

"Mapema tu. Nikishakula."

"Una mbwa?"

"Sina."

"Mwalimu, huyu ndiye aliyekutengenezea friji?"

"Sauti ni hiyo hiyo ya kwenye simu," mwalimu akasema. "Na aliitengeneza vizuri, haijasumbua tena."

Sikumtazama mume wangu hapo, lakini nilikohoa.

"Na nyumba hii mnataka akae nani?" mkunga akaendelea.

"Mimi, mke wangu, na mama mkwe. Yeye hasa. Kwetu hawezi ngazi."

"Sasa hivi yuko wapi?"

"Kwa shemeji yangu."

"Umeuliza mtaa mzima tunalala saa ngapi. Mama mkwe wako analala saa ngapi?"

Baridi akafungua mdomo. Akanigeukia. Nilimwacha atafute jibu mwenyewe.

"Analala kwenye kochi la sebuleni," nikasema mimi. "Nyumba ya kaka imejaa. Analala wakishazima televisheni. Vijana wakiangalia mpira, anakaa pembeni kwenye stuli, mpaka uishe."

Mwenye duka aliinamia viganja vyake. Mume wangu alilivua lile begi begani akaliweka sakafuni, kofia akaivua akaishika kwa mikono miwili, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa na methali.

"Nitalipa leo," akasema. "Kama Bibi bado anauza."

Mkunga aliuza. Mwalimu na jirani yake walipatana baada ya siku kadhaa, na mlango wa nyuma ukafunguliwa. Geti lilibaki, kwa sababu watu wakishalizoea geti hawaliachi, na kila mwezi tunatoa mchango wa mlinzi kama wengine. Baridi alipolalamika kwamba mtaa mtulivu hivi unalindwa dhidi ya nani, mwenye duka alimwambia amuulize mkewe.

Mama aliletwa na kaka jioni. Akaionja ile ngazi moja kwa fimbo, akaipanda, akaingia chumbani kwake, akakaa kitandani akaugusa ukuta. Tukampelekea chakula. Kuja kuchukua sahani, tukakuta amelala, mlango ameurudisha, nje jua bado halijazama.

Mume wangu akasimama pale kizingitini na sahani mkononi. "Huwa analala saa hizi?" akaninong'oneza.

"Analala saa anayotaka," nikamwambia. "Punguza sauti."