Zima Injini Nisikie

Siku yangu ya kwanza kazini kama mhudumu wa redio, mkuu wa kituo chetu cha afya kule Hulugho alinipa kipaza sauti. Nikasema mimi si msemaji.

"Vizuri," akasema. "Redio haitaki msemaji. Inataka masikio."

Redio ya gari letu la wagonjwa ilikuwa kuukuu, ya aina wanayoipenda watu wanaowasiliana kwa redio kwa kujifurahisha. Kitufe kimoja kilichagua njia ya kusema. FM ilikuwa safi lakini haikufika mbali. Kuongea na hospitali ya Garissa tulitumia SSB, iliyofika mbali, na usipolenga masafa sawasawa, mtu alisikika kama mbuzi aliyekabwa koo. Tena injini ikiunguruma, kelele yake iliingia kwenye spika. Sauti yetu ilifika kwao. Yao ndiyo iliyopotea.

Siku moja ya mvua tulimbeba Hawa na mama yake kwenda Garissa; Hawa alikuwa na uchungu wa kuzaa, mtoto amekaa vibaya tumboni. Simu haikushika njiani. Kabla ya Bura barabara iligawanyika: ya mkato ilipita ndani ya laga, mkondo mkavu ambao mvua huujaza ghafla, nyingine ilizunguka mbali. Garissa walikuwa wanatuambia kitu. Nilisikia "laga", kisha kelele tupu.

"Zima injini, adeer," nilimwambia dereva Dubow. Si ndugu yangu, lakini kwetu kila mzee ni adeer, baba mdogo.

"Betri imechoka, wallahi! Asubuhi tumesukuma. Sasa nani atasukuma, wewe na bibi huyu?"

Mama yake Hawa akajibu kutoka nyuma: "Nimesukuma watoto tisa. Zima!"

Dubow akazima. Nikarekebisha masafa polepole hadi sauti ikaja: "Laga imejaa. Zungukeni. Rudia ujumbe."

Sheria ni kurudia ulichoambiwa. Lakini kusema hula umeme mwingi kuliko kusikiliza, na umeme uliobaki ulikuwa wa kuwasha gari. Sikubonyeza kitufe cha kusema. Dubow akageuza ufunguo: tk. Akageuza tena: tk. Hawa alikuwa analia. Nilishafungua mlango nishuke kusukuma kwenye tope, injini ikakohoa, ikashika.

Hapo ndipo nikabonyeza: "Laga imejaa, tunazunguka." Jibu likazama kwenye kelele. Nikarudia njia nzima, bila kujua kama nasikika, hadi tukaona machela inatungoja langoni pa hospitali.

"Wewe ndiye yule mnyamavu wa Hulugho?" mhudumu wa redio wa Garissa akacheka. "Umetutoboa masikio!"

Siku hizi mnara wa simu umesimama Hulugho, redio imetolewa garini, nami nimestaafu ningali kijana. Mtoto wa Hawa anachunga mbuzi. Lakini gari likizimwa karibu nami, mimi huacha nilichokuwa nikisema, nikangoja liwake tena.