Kaka Yangu Alijua Kilichomuua Papa, Akamsingizia Maman Faida

Admin, ficha jina langu. Mimi ni maman wa miaka arobaini na nne, nakaa Rusizi, huku Rwanda, upande wa Giheke. Nilizaliwa Bukavu, tukavuka mpaka na Papa, baba yangu, wakati wa vita vya Congo nikiwa msichana. Naandika na hasira, mnisamehe.

Maman aliyenizaa alishakufa, Papa akaoa mwingine, Maman Faida. Miaka michache baada ya kuvuka, Papa akaanza kutoa damu akienda msalani. Alificha, akasema ni bawasiri tu. Tumbo linafunga siku kadhaa, mara anaharisha, akakonda hadi suruali ikawa inaanguka. Kaka yangu mkubwa akampeleka hospitali. Aliporudi akatuita kando: "Docta anasema ni karuho. Bamemupatia sumu."

Nani alikuwa anampikia? Maman Faida. Siku tuliyomzika Papa, tulimfukuza. Mimi mwenyewe nilitupa valizi yake ya nguo barabarani. Alilia: "Batoto yangu, mi nilikuwa namufulia mashuka ya damu, leo njo mi nilimuua?"

Mwaka huu nami nikaona damu. Nilikimbia hospitali. Wakapitisha mpira wenye kamera kwa njia ya haja kubwa, wakakuta kinyama kimeota ndani ya utumbo mkubwa, wakakikata kabla hakijageuka kansa. Docta akaniuliza kama kuna mzazi aliyeumwa hivyo, nikamweleza damu ya Papa. Akasema mzazi akiugua kansa hiyo, watoto wapimwe mapema, wasingoje damu. Na pombe, sigara, nyama kila siku bila mboga, vyote vinaongeza hatari.

Nikaenda kumwambia kaka. Nilimkuta na bia na brosheti za nyama, sigara mkononi. Hakushtuka hata kidogo.

"Ile ya Papa nayo ilikuwa vile. Docta aliniambiaka."

"Na karuho?"

"Yule mama angebaki na nyumba yetu. Ilishapita, dada."

Ilishapita! Zaidi ya miaka ishirini! Maman Faida yuko Gashonga, anauza mihogo mibichi kwa sababu hakuna muntu anayekubali kula alichopika. Na sisi watoto wa Papa tumekaa tukiogopa sahani za majirani, kumbe hatari iko kwenye damu yetu, na yeye anajua, ananyamaza!

Nikamwambia akapimwe, na watoto wake wanne wajue. Akasimama: "Mi mwanaume, hakuna mwenye ataniingiza mpira nyuma. Na ukisema kwa batoto yangu, usikanyage tena hapa."

Watoto wake nimeshawaambia, wote wanne, jana baada ya misa. Kwa hilo siombi shauri la mtu. Ndugu zangu mnaosoma, ninyi niambieni hili moja: kwa Maman Faida nianzie wapi? Nimefika kwenye njia ya kwake mara mbili, nikarudi. Mnisaidie, nimwambie nini?