Toba ya Chesang na Jedwali la Mavuno

Kama kuna mtu mtaani Karagita aliyejaliwa kipawa cha kutubu, ni Chesang. Kule kwenye ushirika wao wa kanisani walifundishwa kwamba toba ya nusu ni sawa na kufua shati upande mmoja, naye akisimama kutubu hutoa yote, hata yale ambayo hakuna aliyeuliza.

Riziki yake ilikuwa kutunza data ya shamba la maua. Mavuno ya waridi ya miaka minne yalisomwa kupitia majedwali aliyoyatengeneza mwenyewe, na wenzake aliwafundisha kwamba kuna aina mbili. Jedwali la nje ni kama kibao cha duka: ukiking'oa, bidhaa zinabaki ghalani. Jedwali la ndani husimamiwa na mfumo wenyewe, na ukilifuta linaondoka na kila kilichomo.

Jumanne moja, akisafisha majedwali ya majaribio, alifuta lile la mavuno. Alikumbuka vizuri kwamba alilitengeneza la ndani, na wanunuzi walikuwa wanakuja Alhamisi kukagua rekodi hizo hizo. Kazi yake ndiyo hiyo inaota mbawa.

Mtu mwingine angeangalia kwanza. Chesang alienda moja kwa moja kwa meneja, Mburu, akafunga mlango.

"Boss, nimefuta mavuno ya miaka minne. Ni mimi, si system."

Mburu alishika kichwa. Chesang angenyamaza hapo, lakini toba ilikuwa imeshashika moto.

"Na zile Ijumaa nilisema naenda kwa daktari wa meno, nilikuwa Molo navuna viazi."

"Ijumaa ngapi?"

"Sita. Na ile ripoti ya Machi ulinisifu nayo, ni Shiko aliandika."

Mlango ukagongwa. Shiko, msaidizi wa Chesang, akachungulia.

"Madam, nimeona ile table ya mavuno imefutwa, usiwe na stress. Hiyo table niliibadilisha mwezi jana ikawa external, ile ya nje, nikasahau kukuambia. Mafaili yote bado yako pale. Nimeitengeneza tena, inasoma poa."

Chesang alimshukuru Mungu kwa sauti, akalia kwa furaha, akageuka aende zake.

"Keti kwanza," Mburu akasema. "Shiko, wewe pia ingia."

Alhamisi, Shiko ndiye aliyewaonyesha wanunuzi rekodi. Chesang alikuwa meza ya nyuma, akijaza fomu ya likizo ya siku sita alizokwisha kuzila.