Taa ya Rangi ya Samli

Wiki iliyopita tulifungua taa ya skuta ya baba, na harufu ya majivu ikanijia puani kabla hata sijashika majivu. Skuta hiyo ilikuwa imelala miaka mingi chini ya turubai, nyuma ya nyumba yangu hapa Kitengela. Baba anaishi nami siku hizi na macho yake yamechoka. Nilitaka aione ikiwaka tena kabla hayajachoka kabisa.

Fundi alitoa lile bakuli la ndani ya taa, linalorudisha mwanga, akaligeuzageuza. Lilikuwa limefubaa, limejaa madoa ya kijani.

"Madam, hii imeisha. Wacha nipeleke Nairobi ipakwe kromu. Itamulika mpaka Kajiado!"

"Usipeleke popote," nikamwambia. "Hiyo ilioshwa na nyanya yangu."

Alinitazama kama mtu aliyepata mteja wa ajabu. Ngoja nikueleze wewe kwanza.

Tulikaa Isinya, enzi ambazo kutoka langoni kwetu uliona nyasi tu, swara, na barabara ya Namanga kwa mbali. Baba aliuza dawa za mifugo Kitengela na kurudi jioni na skuta yake. Nyanya alimngojea mwanawe langoni. Akiona taa inakata kona kuja kwetu, alisema, "Wekeni chai." Kabla ya hapo hakuna aliyeonja kitu. Mandazi yalifunikwa kwa sinia, yakinukia iliki nyumba nzima, nasi watoto tukiyazunguka kama nzi. Njaa ile, we acha tu!

Basi taa ikaanza kufifia, na pikipiki za majirani zikaongezeka. Nyanya akawa anakosea. Chai inawekwa, kumbe ni mwalimu anapita. Inawekwa tena, kumbe ni daktari wa ng'ombe. Baba akichelewa kidogo, nyanya alitembea huku na huku langoni, akimwomba Mungu kwa Kimaasai, roho mkononi. Nilikuwa namwonea huruma, ingawa nakiri mandazi pia yaliniuma.

Jumamosi moja baba alienda mkutano wa kanisa kwa miguu. Nyanya akamwamuru mama afungue taa, akachungulia ndani, akasema ina masizi. Kwake, chombo cheusi ni chombo kilichotoka motoni. Akalisugua lile bakuli kwa majivu na kitambaa, vile alivyosugua sufuria zake, akiimba pambio, nasi tukimletea maji. Weusi ukatoka. Na ile fedha nyembamba iliyopakwa juu ikatoka nao, ikabaki shaba tupu, ya njano kama samli.

Baba aliporudi alishika kichwa. "Yeyo," akamwita mama yake kwa Kimaasai, "umeniulia taa!"

"Nimeosha tu," nyanya akamjibu. "Mtu mzima anatembeaje na chombo kichafu?"

Jumatatu jioni taa nyeupe zilipita barabarani, moja baada ya nyingine, nyanya akizitazama tu. Halafu ikatokea moja ya njano. Akapiga kigelegele, mbwa wakashtuka. "Ni yeye! Wekeni chai!" Hakukosea tena maisha yake yote, na baba hakuibadilisha ile taa kamwe.

Nyanya ametutoka. Zile nyasi zimekuwa ploti na fleti, na kila ukuta una taa yake nyeupe. Mimi napikia gesi, kwa hivyo majivu nilienda kuyaomba kwa mchoma nyama wa hapa mtaani, aliyecheka mpaka akanijazia mfuko. Nilisugua mwenyewe, nikiimba lile pambio vibaya, mpaka shaba ikanionyesha meno yangu. Sijafurahia kazi hivyo tangu utotoni.

Jioni nilimkalisha baba barazani bila kumwambia neno. Fundi akawasha skuta kule langoni, akaja nayo polepole. Baba akainua uso, akakaza macho, na kicheko kikaanza kumtoka tumboni.

"Wekeni chai," akasema.