Mafaili Matatu ya Mjaza Magodoro

Katika hospitali ile, ukitaka kujua nani anaumwa nini, achana na daktari mkuu. Nenda chumba cha mafaili, ukamwone Bi Kabati. Jina alipewa na wauguzi kwa utani, naye akalivaa kama cheo. Kabati la kifua, la ngozi, la macho: kila ugonjwa na namba yake, kila namba na droo yake. Daktari wa utafiti akitaka wagonjwa wa kifua wa miaka kumi, alikuwa nao mezani kabla chai haijapoa. Wasomi wa miwani minene walimwamkia kwa adabu, ingawa shuleni hesabu aliikimbia, msimwambie nimesema.

Mdogo wake wa kiume, mjaza magodoro ya pamba katika karakana moja, akaanza kuumwa. Kwanza kifua, kisha macho, kisha mikono ikawa inawasha. Madaktari watatu, mafaili matatu, makabati matatu. Mwenye karakana akasema kijana ni mvivu, anabadilisha magonjwa kama mashati. Asipoleta karatasi yenye jina la ugonjwa mmoja ifikapo Ijumaa, kazi basi.

"Dada, namba zote unazo wewe," akalalamika. "Nipe hata moja nzuri."

"Ya rangi gani, mheshimiwa?"

Lakini Bi Kabati alipoyafungua yale mafaili, akaona kwenye kadi nyuzi za pamba. Nyuzi hizo alizijua. Miaka sita alikuwa akizipuliza ili mafaili yawe safi.

Alhamisi asubuhi akafanya jambo ambalo mtu mwingine angelifanya, yeye angemfukuza chumbani. Alitoa kwenye makabati yote matatu mafaili yenye pamba, akayatandaza sakafuni. Watu kumi na mmoja, karakana moja. Daktari wa utafiti akaingia, akabaki na mguu mmoja hewani.

"Bi Kabati, umevuruga kila kitu."

"Nimepanga, daktari. Safari hii kwa mahali wanakokwenda kazini kila wakiamka."

Daktari akapiga magoti na suruali yake ya pasi, akasoma. Wote walipata nafuu Jumapili, wakazidiwa Jumatatu. Mchana akaenda karakana, akawapima wafanyakazi vifua, akarudi na vumbi la pamba hadi kwenye nyusi. Ijumaa karatasi ikatoka na jina moja, ugonjwa wa vumbi la pamba: kazi ndiyo iliyomfanya kijana augue. Mwenye karakana alinung'unika, ila alitoboa madirisha manne na kununua barakoa.

Daktari akaomba mafaili yarudi kwenye makabati yake, maana bila namba hesabu za mwaka zingekufa. Bi Kabati hakubisha. Droo zake bado alizipenda. Ila tangu siku hiyo, juu ya kila faili aliandika kwa wino mwekundu mahali mgonjwa anapofanya kazi, na hakuna mkuu aliyethubutu kumkataza.

Kijana akapita kushukuru. "Sasa dada, mimi hasa ni wa kabati gani?"

"La wasumbufu. Limejaa. Nenda kazini."