Mkanda Haukusoma Kitu

Mambo mengi huwa natania, lakini hili hapana. Lilinitokea mimi mwenyewe, mchana, porini kule Mzenga, Kisarawe.

Mimi ni muuguzi. Wanajeshi walikuwa kwenye mazoezi ya vita, kila mmoja kafungwa kifuani mkanda unaopima mapigo ya moyo na joto la mwili. Kazi yangu ilikuwa kukaa hemani nikiangalia kompyuta. Mkanda ukionyesha mtu anazidiwa, namwita kwa redio. Wenyeji walishatuonya: porini mtu haitwi kwa jina lake. Basi tukawa tunawaita kwa namba. Vijana wa mjini walicheka, mimi nikafuata tu.

Alasiri moja mapigo ya sajini mmoja yakaanza kukimbia, joto likapanda. Kabla sijashika redio, akaingia hemani mwenyewe.

"Mkanda wangu umekatika, sista. Nifunge mwingine."

Nilimjua vizuri, kwake Mlandizi nimeshakula. Nikamfunga mpya. Kwenye kompyuta mstari wake ukalala kama uzi, bila pigo hata moja. Na ule wa zamani, aliosema umekatika? Ulikuwa bado unasoma, moyo unakwenda mbio huko porini.

Nikamtazama. Hakuwa na jasho hata tone, na jua lote lile.

"Niite jina langu," akasema taratibu. "Mara moja tu, nitatulia."

Niamini, jina lilishafika mdomoni. Nikalimeza, nikashika redio, nikaitaja namba yake ili wenzake wamfuate haraka. Nilipogeuka, kiti kilikuwa kitupu. Mkanda ulikuwa juu yake, kifungo bado kimefungwa.

Sajini mwenyewe walimkuta kichakani kazimia kwa joto, wakamleta akiwa hai.

Siku hizi ameacha jeshi, huja kupima presha kwenye zahanati ninayofanyia kazi Kibaha. Mzima kabisa. Ila mkewe ananiambia kuna jioni mtu husimama nje ya ua na kuuliza kwa upole, "Mwenye nyumba hii anaitwa nani?" Sauti ni ya mumewe, na mumewe yuko ndani anakula.

"Namjibu ni Baba Zaina," anasema mama huyo. "Mimi sijawahi kumwita vingine."

Nawe ukiulizwa hivyo na mtu usiyemwona vizuri, jibu kama yeye. Na kama umegundua kwamba sijakutajia jina la sajini mpaka sasa, tafadhali usiniulize.