Gome Lililoshusha Sukari ya Apolinaria

Apolinaria hakuwa mtu wa kutulia. Hata akiwa kwenye cherehani kibandani kwake, mtaa wa Isevya, miguu inakanyaga, macho yako barabarani. Alipogundulika kuwa na kisukari miaka sita iliyopita, kilichomuudhi si ugonjwa wenyewe, bali kuambiwa vidonge atavimeza maisha yake yote.

Siku moja mdogo wake Emilian alipita kumwamkia. Siku hizo alikuwa akiwaongoza watafiti msituni, upande wa Isikizya, akiwaonyesha miti ambayo wazee hutibia kisukari.

"Kuna gome limeshusha sukari ya panya maabara," alisema, kama anayesimulia habari za mpira.

"Gome gani?"

"Dada, nimesema panya."

Hakumwachia mpaka akalitaja. Jumamosi alipanda bodaboda akalifuata mwenyewe, akachemsha sufuria nzima, akaanza kunywa maji yake. Vidonge hakuacha. Alitaka vyote viwili vimponye upesi.

Siku ya tatu, katikati ya mazoezi ya kwaya, mikono ilianza kumtetemeka, jasho likamchuruzika, maneno ya wimbo yakampotea. Akaketi chini pwata. Wanakwaya wenzake walimnywesha soda, wakamkimbiza zahanati. Muuguzi alipompima, sukari ilikuwa bado chini mno, nusura azimie.

Kesho yake Emilian alikuja na mtafiti mmoja, Najiat. Apolinaria alijua atagombezwa, akawahi yeye.

"Si unaona? Linafanya kazi!"

"Huenda ni gome, mama," Najiat alisema. " Huenda ni gome na vidonge kwa pamoja. Hatujajua ni kemikali gani iliyomo inayoshusha sukari, wala kipimo chake, wala inafanya nini kwenye figo."

"Mtajua lini?"

"Pengine miaka kumi. Pengine tusipate dawa kabisa."

"Mimi nina hamsini na nane, binti yangu."

Najiat alitoa daftari. Akauliza gome lilibanduliwa wapi, likachemshwa kwa muda gani. Apolinaria alijibu yote kwa hasira, huku anazunguka chumbani. Walipoondoka, akaimwaga sufuria nyuma ya nyumba.

Vidonge anaendelea navyo, na kliniki hakosi. Lakini watafiti wakienda msituni, hufunga kibanda akafuatana nao, ndizi mbili mkobani endapo sukari itashuka, akitangulia mbele na kuuliza maswali mpaka wenyewe wanachoka.